Kabla hujampa Simba kidonge kingine

Isevya, Tabora

Swahiba Baba Neema,

Barua yako nimeipata jana kwa yule kijana aliyeshuka na treni, pamoja na migebuka. Imeliwa yote usiku uleule. Mama watoto anasema safari nyingine usimtume bila dumu la mawese.

Habari ya mbwa wako Simba ndiyo iliyoninyima usingizi. Unasema alifukuza bodaboda, akaanguka kama gunia, na kabla hujamfikia akainuka akitikisa mkia. Jirani akasema kifafa, ukakimbilia duka la dawa, umeshampa vidonge viwili. Swahiba, ishia hapo kwanza, mpaka daktari amwone. Njia hiyo mimi nimeshaipita.

Mbwa wangu Chui unamkumbuka, lile dume la chini ya mwembe lililofanya wageni wapige hodi wakiwa bado barabarani. Alianza hivyohivyo: akifukuza mbuzi, chini. Nikaambiwa kifafa, nikampa vidonge miezi miwili huku anakonda na kukohoa usiku. Aliyenifumbua macho ni daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja ng'ombe wa jirani. Aliweka kipimo chake cha masikioni kifuani, mkono mwingine akaupitisha ndani ya paja la nyuma kwenye ule mshipa mkubwa, akanyamaza dakika nzima. Kisha akanipa na mimi nisikilize. Ilikuwa kama viazi vinamwagwa kwenye karai, hakuna pigo lililomngoja mwenzake. Kifuani alihesabu 200, pajani 140. Yale 60, alisema, moyo umebana kabla haujajaa damu, hakuna kilichofika pajani. Moyo wenyewe ulikuwa umetanuka, na vyumba vyake vya juu vinatetemeka tu badala ya kubana.

Mbwa wa kifafa mara nyingi hukakamaa, hupiga miguu kama anayeogelea, hutoka povu, na akizinduka huzubaa kwa muda, hata mlango haoni. Anayeangushwa na moyo huanguka akiwa mbioni au katika furaha, hulegea, na muda si mrefu yuko wima. Lakini anayezirai naye anaweza kukakamaa kidogo au kujikojolea, kwa hiyo akianguka tena toa simu umpige video. Daktari ataona mwenyewe, asitegemee masimulizi yako (nakufahamu kwa chumvi).

Usiku akilala, weka kiganja kifuani upande wa kushoto, nyuma ya kiwiko. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara 2. Mbwa wa umbo lake akiwa ametulia huwa kati ya 60 na 120 hivi, na usingizini yanaweza kushuka kidogo. Ukisikia yanaongeza mwendo akivuta pumzi na kupunguza akiitoa, usihangaike, mbwa ndivyo walivyo. Hesabu na pumzi. Zikipita 30 kwa dakika akiwa usingizini, usingoje.

Dawa usiikisie. Moyo unaokimbia huangusha mbwa, na unaosuasua huangusha vilevile. Ukimpa wa pili dawa ya wa kwanza, umemmaliza. Ndiyo maana lazima apimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Chui alipewa digoksini na diltiazemu za kupunguza mwendo, na furosemidi ya kutoa maji mapafuni. Digoksini ikizidi kidogo tu, mbwa anasusa chakula na kutapika, kwa hiyo kila asubuhi nilianza kwa kukagua bakuli lake. Wengine vurugu hutoka vyumba vya chini. Hao hudungwa lidokaini kwenye mshipa, kisha vidonge vya sotaloli. Na yupo ambaye umeme wa moyo umekatika kabisa kati ya juu na chini. Huyo vidonge havimfai, tiba yake ni betri ya moyo kama wanazowekewa watu.

Halafu niambie ukweli: umemwogesha dawa ya kupe ya ng'ombe? Baadhi yake hushusha mapigo na kumtoa mate mengi, na daktari humdunga atropini. Kuna wakati moyo unalipa kosa la kwingine. Paka wetu dume alijikamua siku nzima bila tone la mkojo, mapigo yakaanza kushuka kwa sababu ya potasiamu iliyorundikana kwenye damu. Alipozibuliwa, moyo ulijirudi wenyewe.

Chui aliishi miezi saba baada ya siku ile. Ile miwili ya vidonge vya kifafa ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Nitumie hesabu zako kesho. Daktari wa huko akikosa ECG, kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kwenda huko lazima mpite kwangu. Mtalala hapa. Banda la Chui sijalibomoa.

Wako,
Baba Zuhura