Namba tasa zisiwe za kukariri tu

Mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo niseme hili la hesabu maana limenikaa moyoni.

Mpwa wangu yupo kidato cha kwanza hapa Wete, juzi karudi skuli na daftari, kaandika 91 ni namba tasa, yaani namba zaidi ya 1 isiyogawika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kakoseshwa, na hakuna alomwambia kwa nini, kaambiwa akariri zile 25 zilizomo mpaka 100 basi. Sasa 91 ni 7 mara 13, mtoto atalijuaje hilo kwa kukariri?

Baada ya alasiri tukakaa barazani na laptopu yangu ya zamani, tukaandika programu kwa Python, lugha ya kuiamrisha kompyuta, mistari michache tu. Inachukua namba, inaigawa kwa 2, kwa 3, kwa 4, mpaka inakaribia kujifikia yenyewe, ikipata baki sifuri inaitupa, isipopata inaiandika. Mpaka 100 zikatoka palepale, 25 kamili, 91 haimo. Nikamwambia haya weka laki moja, ikaganda, chai tumemaliza bado inahesabu.

Hapo ndo penye utamu. Nikampa 36 aandike inavyogawika, akaandika 2 mara 18, 3 mara 12, 4 mara 9, 6 mara 6, kisha 9 mara 4, akasita na penseli mkononi, akasema mjomba mbona zinarudi zile zile! Basi ukishafika kipeuo cha pili, yaani ile namba ukiizidisha kwa yenyewe unaipata yako, kama 6 kwa 36, huna haja ya kuendelea, 97 kipeuo chake hakifiki 10, ijaribu kwa 2, 3, 5 na 7 imetosha. Akabadilisha mstari mmoja tu, laki moja ikaisha mara moja, namba tasa 9,592.

Na hata pasipo kompyuta inawezekana, Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki kule Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 nyuma alikuwa akizichekecha, unabakisha 2 unafuta vigawe vyake vyote, unabakisha 3 unafuta, hivyo hivyo. Ubao na chaki vinatosha.

Ninachoomba kwa wahusika, skuli zenye kompyuta watoto wasifundishwe kuwasha na kuchapa barua tu kisha chumba kikafungwa kufuli. Mwalimu wa hesabu na wa kompyuta wakae pamoja hata kipindi kimoja kwa wiki, wawape watoto jambo kama hili. Wangu mie sasa anataka kujua mpaka milioni moja zimo ngapi, tunangoja umeme urudi.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba