Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kompyuta 40 Tulizozikataa, na Mambo Mengine

Ndugu wanachama, mbukwenyi! Na wale ambao sio Wagogo, habari zenu.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia sana. Vikao vya kamati vilifanyika, mafunzo ya ufundi simu Bahi na Kongwa yalifanyika, Nanenane pale Nzuguni tulikuwepo siku zote, na tulienda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) tukaongea na vijana wanaosoma kompyuta, wanne wakakubali kuja kujitolea Chamwino wakati wa likizo. Picha zote ziko kwenye grupu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo mnalisubiri, maana nimelisikia misibani, nimelisikia harusini, mpaka kinyozi wangu kaniuliza. Ni kweli mwezi wa 3 tuliletewa ofa ya kompyuta za mezani 40 za mtumba kutoka kwa mfadhili wa nje na ni kweli mimi ndiye niliyesaini barua ya kukataa. Wapo wanaosema mwenyekiti kawanyima watoto wa maskini kompyuta za bure. Hilo limeniuma sana, na nitalijibu lote.

Kwanza hazikuwa za bure. Mfadhili alilipa meli tu, ushuru na kuzitoa bandarini na lori mpaka Dodoma ni juu yetu. Pili zilikuwa na Windows 7, ambayo wenyewe waliotengeneza waliacha kuihudumia tangu Januari 2020. Tatu ni umeme, na hapa naomba msome taratibu. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake inakula kama wati 150, zidisha mara 40 unapata wati 6,000. Kijiji tulichokusudia kinatumia chumba kimoja cha ofisi ya serikali ya kijiji, Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, inanunuliwa kwa kuchangishana, umeme ukikatika jioni unarudi kesho. Nani angelipa? Ndugu zangu, zingekaa kwenye maboksi.

Nasema hivi kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Mwaka juzi niliitwa kwenye shule moja, siitaji jina, kuangalia kompyuta za msaada zilizokuwa zimekufa. Nilipofungua ya kwanza nilikuta vumbi jekundu limeganda kwenye feni kama unga wa ulezi uliomwagikiwa maji, na juu ya pawasaplai, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, mayai mawili ya mjusi kafiri. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Mwalimu akaniambia zilifanya kazi mwaka mmoja na miezi kidogo. Zile mashine hazikuwa mbovu, zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi na madirisha ya vioo, sasa wewe unaipeleka Dodoma mwezi wa 8 upepo unavuma kutwa, feni inavuta hewa na inavuta vumbi humohumo, unategemea nini?

Na sio sisi tu. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Wahandisi wake walijitahidi kweli, skrini inasomeka juani, kibodi ya mpira vumbi haliingii, mimi kama fundi nawavulia kofia. Lakini ilipotoka 2007 bei ilikuwa karibu dola 190, na Peru, ambako ziligawiwa zaidi ya laki 8, utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika (IDB) uliotoka 2012 haukuona watoto wamepanda kwenye hesabu wala lugha. Walimu hawakuandaliwa vya kutosha, kifaa kikafika kabla ya watu. Upande wa pili chukua Nokia 1100 ya mwaka 2003, kitochi tu, vibonyezo vimefunikwa visiingie vumbi, tochi juu, chaji inakaa siku kadhaa, ikauzwa zaidi ya milioni 250. Pale mtu alikaa akamfikiria mwenye simu anaishi wapi na usiku anatembea na nini.

Ndiyo maana tulichagua njia nyingine. Tumefunga kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, haina feni, haili hata wati 10, inakaa kwenye boksi lililofungwa vizuri, inaendeshwa na paneli moja ya sola na betri. Ndani kuna programu ya Kolibri, masomo na video zinafunguka bila intaneti wala bando, watoto wanaunganisha kwa waifai ya boksi lenyewe kupitia simu janja 8 za mtumba. Kazi ya kufunga niliifanya mimi na wale vijana wa UDOM, siku tatu, kwa gari langu na mafuta yangu, risiti ninazo na sijaidai chama hata shilingi. Mpaka leo miezi saba haijazima isipokuwa siku mbili waya wa betri ulipolegea, na mlinzi wa ofisi aliukaza mwenyewe kwa kuelekezwa kwa simu. Hiyo ndiyo maana ya kifaa kinachofaa hapa.

Kuna mama mmoja pale kijijini anauza mlenda na nyanya, kusoma hajui, ila pesa ya simu anatuma mwenyewe. Nilikaa naye kwenye benchi nikamwangalia. Anabonyeza *150*00# bila kuangalia, halafu 1, halafu tena 1, amekariri kwa kidole kama mtu anavyokariri wimbo. Akaniambia kuna siku kampuni moja ilibadilisha mpangilio wa menyu, wiki nzima akawa anamuomba mtoto wa jirani amtumie, na namba yake ya siri ikabidi amtajie. Nilirudi nyumbani sina amani. Kompyuta 40 zisingemsaidia mama huyu kitu, anahitaji sauti inayomwambia kwa Kiswahili au Kigogo abonyeze wapi.

Mnasema suala halikuletwa mkutano mkuu. Nililileta! Niliitisha mkutano wa dharura Jumamosi ya pili ya mwezi ule, tuko wanachama 64, akidi ni 22, walifika 11. Tulisubiri mpaka saa 8 mchana, chai ikapoa, mfadhili anataka jibu Jumatatu. Kamati ikaamua, na katiba inaruhusu. Ambaye hakuja asiniulize kwa nini hakuulizwa.

Ada nayo inasikitisha. Ni 30,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 19, waliolipa nusu 9, na 36 hawajalipa hata senti. Tumekusanya 705,000 kati ya 1,920,000. Boksi, sola, betri na simu vimegharimu 2,085,000, tumetumia akiba ya mwaka jana 1,400,000, mimi nimetoa 450,000, wanachama wachache 300,000, imebaki 65,000. Hiyo 705,000 imeisha kwenye pango la ofisi, Nanenane na nauli za mafunzo. Dada mhazini ana daftari, njooni mkague.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata boksi la pili upande wa Mvumi, kurekodi masomo ya sauti kwa Kigogo, na kujaribu ule mtindo waliouanza watafiti wa Microsoft kule India wa skrini moja ya kompyuta na vipanya (mouse) vingi, kila mtoto na chake, maana nimeona hata kwetu mtoto mwenye nguvu ndiye anashika simu na wengine wanachungulia begani. Tutaona hali ya mfuko.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu saa 4 asubuhi palepale ofisini. Boksi nitakuja nalo la mfano, mtalifungua wenyewe mlione ndani, na mwenye swali la zile 40 aje aniulize mbele ya wote.