Shukrani kwa mama wa kwenye pantoni ya Kigamboni

Mama uliyevaa dera la kijani, jioni ya Ijumaa kwenye pantoni ya kutoka Magogoni: shikamoo, na asante sana.

Nilikuwa nalia. Wiki ile baba alituketisha sebuleni akatuambia kwamba tangu utotoni anajijua ni mwanamke, na amechoka kuficha. Siku nne sikumsemesha. Ningeweza kupita darajani Kurasini, lililofunguliwa 2016, lakini nilitaka kuchelewa kufika nyumbani.

Ulinipa kitambaa chako. Nilipokueleza hukushtuka, hukuniuliza jina wala mtaa. Uliuliza tu, "Mwanangu, chakula chako bado anakuwekea?" Nikasema ndiyo, kila usiku anafunika sahani yangu kwa kawa. Ukasema, "Basi nenda ukale."

Nilikwenda, nikala, naye akakaa kando yangu bila neno.

Kiswahili kimenisaidia mno: "yeye" ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Neno "baba" ndilo lililonikwama kooni. Siku hizi namwita "mzazi wangu", anaitika huku anatabasamu. Bado kuna usiku nalia, na yeye anajua.

Kitambaa chako nimekifua. Kipo mkobani, kila nikivuka nakutafuta.