Kaka, mtoto ameniuliza mwezi unaisha lini

Shikamoo kaka.

Nilipokuwa kwenu Kibirizi, Kigoma, mwanao alinifuata nyuma ya nyumba, mimi na wifi tukianika dagaa. Akaninong'oneza, "Shangazi, mwezi unaisha lini?" Nilidhani ni swali la shule. Usiku, ulipouchomoa mkanda kwa ajili ya maharage yaliyoungua, nikaelewa. Mimi na wewe tuliuhesabu mwezi huohuo.

Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, na wavuvi hawaingii ziwani. Kwa majirani zilikuwa siku za raha, baba yuko nyumbani. Sisi tulikuwa tukisikiliza hatua zake mlangoni. Giza liliporudi na taa zikaonekana kule majini kama mji mwingine, ndipo tulipolala usingizi.

Jina lako silitaji, lakini naandika hadharani kwa sababu hatuko peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya Watanzania, wasichana kwa wavulana, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Robo tatu, kaka. Ndiyo maana ukisimulia yetu kijiweni hakuna anayeshtuka.

Na unavyosimulia ndiko kunakoniumiza kuliko mkanda wenyewe. "Mzee alitunyoosha," unasema, unacheka, nao wanacheka. Chuma cha ule mkanda unakikumbuka, hata kosa la siku ile unalikumbuka. Husemi kamwe ulivyonishika mkono chini ya kitanda, unatetemeka, ukiniambia nisipumue kwa sauti. Ulikuwa na miaka tisa.

Mwaka 1975 mtaalamu mmoja wa Marekani, Selma Fraiberg, na wenzake waliandika kuhusu wazazi kama sisi. Waliona kwamba mzazi aliyeumizwa utotoni anaweza kulikumbuka tukio lote na bado akamfanyia mwanawe yaleyale, kwa sababu hofu na uchungu wa siku ile amevifukia. Anayevifukua, akavililia mbele ya mtu anayemsikiliza, huanza kukisikia kilio cha mtoto wake mwenyewe.

Nimelipitia hilo, na sijawahi kukwambia. Mimi wangu simpigi. Mimi nilikuwa naganda. Akilia, mikono inakufa ganzi, namwangalia kama mtoto wa jirani, na yeye akaacha kunikimbilia. Nilipokuwa Dodoma nilianza kwenda kwa mshauri kila Alhamisi. Wiki za kwanza niliongea juu ya kazi tu. Siku aliyoniuliza hofu ya utotoni inakaa sehemu gani ya mwili, niliweka mkono kifuani na nikashindwa kusema neno hadi muda ukaisha. Baadaye akaniambia nije na mtoto. Tulikaa mkekani na vitu vyake vya kuchezea, akaanguka, akalia, nami nikaganda. Mshauri akauliza taratibu, "Anayelia hapa ni nani, yeye au wewe?" Nikamnyanyua mwanangu. Alhamisi hizo zilikwenda miezi minane, na bado zipo siku mikono inakufa ganzi. Ila sasa naijua inatoka wapi.

Baba simshtaki. Naye alinyooshwa, na hakuna aliyemuuliza inauma wapi.

Najua unachohofia: watasema umekuwa mgonjwa wa akili, wa hospitali ya Mirembe. Waache waseme. Hapo Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili. Huhitaji maneno makubwa. Sema, "Nilipigwa sana utotoni, sasa nampiga mwanangu, nataka kuacha." Hayo yanatosha kuanzia.

Mwezi ukikaribia kupevuka nitapanda treni, na siku zote za mbalamwezi nitakuwa kwenu. Asubuhi moja tutakwenda wote Maweni. Utaingia wewe, mimi nitakaa nje kwenye benchi hata ikifika saa nane. Mwanao nimeshamwambia kwamba mwezi ukiwa mkubwa, shangazi atakuwepo.