Madini ya ng'ombe yanawaua kondoo wetu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wafugaji wenzangu wa Tabora, hasa wa Igunga na Nzega, pamoja na wenye maduka ya dawa za mifugo.

Kondoo mwenye mimba akikosa madini ya shaba, mtoto huzaliwa na miguu ya nyuma isiyo na nguvu. Anayumba, anaanguka, kunyonya kunamshinda. Neva zake zimeharibika akiwa bado tumboni na hakuna dawa ya kuzirudisha. Mfugaji akiona hivyo hushauriwa anunue jiwe la kulamba, yaani bonge la chumvi na madini. Ushauri ni mzuri, lakini mara nyingi jiwe analouziwa ni la ng'ombe.

Hapo ndipo penye hatari. Ng'ombe huvumilia hadi miligramu 40 za shaba kwa kila kilo ya chakula kikavu. Kondoo ni 15 tu. Inayozidi hujilimbikiza kwenye ini kwa wiki au hata miezi, na mnyama anaonekana mzima kabisa. Akipata msukosuko, mathalani safari ndefu ya mnadani au njaa ya kiangazi, shaba ile humwagika kwenye damu kwa mkupuo. Macho na fizi hugeuka manjano, mkojo unakuwa mwekundu au wa kahawia, na kwa siku moja au mbili amekufa. Inauma sana, maana aliyempa alikuwa anamtibu.

Chumvi ya Uvinza tumeitegemea tangu enzi za mababu na tuendelee nayo, ila haitoi madini ya fosforasi wala kobalti. Kondoo anayetafuna mifupa huenda anatafuta fosforasi. Anayekonda penye majani tele huenda amekosa kobalti, ambayo vijidudu vya tumboni mwake huitumia kutengeneza vitamini B12. Sisi tunamnywesha dawa ya minyoo, asipopona tunamnywesha tena. Minyoo ipo, sikatai, lakini si kila kondoo aliyekonda ana minyoo.

Wenye maduka, agizeni madini ya kondoo yasiyoongezwa shaba, na mteja akija mwulizeni kwanza anafuga nini. Maafisa mifugo, kondoo wakifa wakiwa na manjano, chukueni sampuli ya ini ipimwe shaba kabla hatujashauriwa kununua jiwe jingine.

Mfugaji,
Igunga, Tabora