Shule inafunguliwa, na madirisha je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja tu, nalo ni madirisha.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari, na huu ni mwaka wangu wa 19 wa kushika chaki. Baada ya miezi saba ya madarasa matupu kwa sababu ya korona mwaka huu wa 2020, wanafunzi wetu wanarudi wiki mbili zijazo. Mkuu wa shule ametuteua watu watatu tuandae mazingira: mimi, mwalimu mwenzangu wa Jiografia, na mhudumu wetu wa usafi, mama mtu mzima ambaye shule nzima humwita Bibi na anayeyajua majengo yale kuliko sisi sote. Tulikabidhiwa orodha ya mambo 11: ndoo zenye koki, sabuni, vitakasa mikono, vipima joto vya paji la uso, barakoa za akiba, mabango, alama za kusimamia, chumba cha kumtenga mgonjwa, dawa ya kufutia madawati, daftari la kuandikia joto la kila anayeingia, na mpangilio wa madawati. Nimeisoma orodha hiyo mara nne. Neno hewa halimo.

Tulianzia chumba kimoja, kile kinachotazama uwanja wa michezo. Kina madirisha manane. Mawili yalifunguka. Matatu yalipakwa rangi ya mafuta miaka ya nyuma huku yamefungwa, rangi ikakaukia kwenye maungio mpaka dirisha na fremu vikawa kitu kimoja. Mawili yamepigiliwa misumari, na Bibi alikumbuka sababu: bawaba zilikatika, upepo ukawa unayabamiza, mtu akaitwa na nyundo, basi. La nane limezibwa na kabati la vitabu ambalo halijasogezwa tangu nihamie shule hiyo.

Fundi alikuja siku iliyofuata na bisibisi na patasi. Alikwangua ule mstari wa rangi polepole, pande zote nne, kioo kisije kikapasuka. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Dirisha la kwanza lilimchukua karibu saa nzima. Rangi ilibanduka vipande vipande, tabaka juu ya tabaka, ya juu nyeupe, chini yake kijani, chini zaidi buluu niliyoikuta nilipoajiriwa. Kisha akasukuma kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili, na dirisha likaachia. Karatasi ya mtihani wa Machi iliyokuwa chini ya dawati ikasogea yenyewe hadi mlangoni. Bibi akainama akaiokota, akasema, "Mwalimu, chumba kimevuta pumzi."

Tulipomaliza kuzunguka vyumba vyote 14, tulikuwa tumehesabu madirisha 96. Yaliyofunguka ni 31.

Kwa nini nang'ang'ania jambo hili wakati watu wanahangaikia ndoo na sabuni? Sisemi sabuni haina kazi. Kirusi hiki cha korona kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Ndiyo maana tunawafundisha watoto wanawe kwa sekunde 20, si kulowesha vidole na kupita. Lakini mkono ni njia moja tu. Mtu anapozungumza, anapoimba, anapokohoa, hutoa matone ya mate ya ukubwa mbalimbali. Makubwa huanguka karibu naye, na ndiyo sababu ya ile mita moja tunayoipima kwa futi kamba. Madogo kabisa hayaanguki upesi. Huelea, na katika chumba kilichofungwa hurundikana kadiri saa zinavyokwenda. Julai 2020 wanasayansi 239 waliandika barua ya pamoja wakitaka njia hii ya hewa ipewe uzito wake, na siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba uwezekano wake hauwezi kukanushwa katika sehemu zilizojaa watu na zisizopitisha hewa.

Mfano ulioninyima usingizi ni wa kwaya moja katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi 2020 wanakwaya 61 walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu. Vitakasa mikono vilikuwepo mlangoni. Hawakukumbatiana wala kupeana mikono kama desturi yao. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Waliothibitishwa au kudhaniwa kuugua walifika 53, na wawili walifariki. Nikisoma habari hiyo naliona darasa langu: watu wengi, chumba kimoja, muda mrefu, na mtu mmoja mbele anayepaza sauti kutwa nzima. Mtu huyo ni mimi. Wajapani tangu mapema mwaka 2020 waliambiwa waepuke mambo matatu yakutanapo: chumba kilichofungwa, msongamano, na kuzungumza kwa karibu. Darasa la kawaida lina yote matatu kuanzia kipindi cha kwanza.

Nilipoyasema haya kwenye kikao cha maandalizi nilisikilizwa kwa adabu, kisha mazungumzo yakarudi kwenye kibanda cha kunyunyizia dawa. Kuna mjumbe aliyependekeza tujenge kibanda getini, kila mwanafunzi apite humo anyunyiziwe kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilisimama nikapinga, na hapa sikuwa mpole. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema wazi kwamba kumnyunyizia mtu dawa hizo hakufai kwa hali yoyote. Dawa yenye klorini huwasha macho na ngozi na kuumiza njia ya hewa, na mtu aliyekwisha ambukizwa bado atakitoa kirusi kwa pumzi yake hata akitoka kibandani amelowa chapachapa. Tutamwagiaje mtoto wa mtu kitu cha kufutia madawati? Namshukuru mkuu wa shule. Alilifuta pendekezo hilo palepale.

Baadaye akaja mkaguzi. Alihesabu ndoo getini, akapima umbali kati ya madawati ya chumba kimoja, akaangalia kipima joto kinafanya kazi, akatia alama kwenye fomu yake na kuondoka. Simlaumu, kwa sababu alikagua alichotumwa kukagua. Lakini nilimwomba aingie nami chumba cha saba, ambako dirisha linalofunguka ni moja, akajibu kwamba suala la madirisha haliko kwenye fomu. Mhariri, hapo ndipo nilipoamua kukuandikia.

Najua sababu za kuyaacha yamefungwa, nami nilikuwa nazo. Mvua huingia, vumbi huingia, kelele za uwanjani huwavuruga wanaofanya mtihani. Usalama nao: nani atayafunga jioni, tusije tukaibiwa? Swali hilo Bibi alilijibu kabla sijafungua mdomo. "Mwizi anakuja usiku. Mchana nimejaa humu mimi. Nitazunguka nayafunga saa kumi na moja, kila siku." Kuhusu baridi, Ujerumani mwaka 2020, majira ya baridi yakikaribia, mamlaka yao ya mazingira ilishauri madirisha ya madarasa yafunguliwe kabisa kila baada ya dakika 20, kwa dakika chache, kisha yafungwe. Nchi hiyohiyo mwaka 1904 ilianzisha shule ya msituni huko Charlottenburg, karibu na Berlin, kwa ajili ya watoto dhaifu waliohofiwa kupata kifua kikuu, nao walisomea nje. Wazo hilo lilienea nchi nyingi. Kumbe waliotutangulia walijua kwamba mtoto anahitaji hewa ya kupita, sisi tukaja tukapaka rangi juu ya bawaba.

Kwa wale wenye nafasi, vipo vipimo vya kaboni dayoksaidi. Pumzi tunayotoa ina gesi hiyo kiasi cha asilimia 4, wakati hewa ya nje ina asilimia 0.04 tu, kwa hiyo ikipanda chumbani unajua watu wanavuta pumzi za wenzao. Shule yetu haina kipimo hicho. Tumekubaliana kutumia pua. Aliyekaa ndani hawezi kujua, maana pua yake imeshazoea. Anayejua ni yule anayeingia kutoka nje. Kila mwalimu anayeingia kufundisha kipindi kipya, akisikia hewa nzito mlangoni, asianze somo. Atawatoa wote nje kwa dakika tano, madirisha na mlango vibaki wazi, ndipo warudi. Na yafunguliwe ya pande zote mbili za chumba, kwa sababu hewa ikiingia upande mmoja isipopata pa kutokea haisafishi kitu.

Nisisahau mabomba. Maji yaliyolala kwenye mabomba miezi saba si ya kumnawisha mtu bila kwanza kuyamwaga. Tulipofungua koki ya nyuma ya maabara yalitoka ya rangi ya kutu, yakinuka, na ilitubidi tuyaache yatiririke muda mrefu kabla hayajatakata. Wakuu wa shule wanaosoma gazeti hili, fungueni koki zote wiki hii, msingoje asubuhi ya kufungua.

Kuna atakayesema: kama una hofu kiasi hicho, shule zibaki zimefungwa. Hapana. Nataka zifunguliwe, na nataka zisifungwe tena. Aprili 2020 zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa, na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba karibu wanafunzi milioni 24 wangeweza wasirudi kabisa. Sierra Leone walilipitia hili wakati wa Ebola. Shule zilikaa zimefungwa mpaka Aprili 2015, na wasichana wengi waliopata mimba katika kipindi hicho hawakuliona darasa tena. Kwenye orodha yangu ya mahudhurio yapo majina matano ambayo simu zao hazipatikani. Nimewatafuta kupitia wenzao. Wawili nimeambiwa wamehama. Mmoja ameolewa, na alikuwa wa kwanza katika somo langu. Kila tutakapofunga tena kwa sababu ugonjwa umezuka chumbani mwetu, orodha hiyo itaongezeka, na hakuna kipindi cha redio kitakachomrudisha yule binti.

Juzi alikuja mwanafunzi wa kidato cha pili kuchukua daftari alilolisahau Machi. Mlango ulikuwa wazi, mimi nikiwa ndani napima madawati. Alisimama kizingitini na barakoa yake, mikono ameiweka nyuma, akauliza, "Mwalimu, naruhusiwa kuingia?" Darasa lake mwenyewe. Nikamwambia aingie. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye dawati lake, ambalo sasa liko peke yake kama kisiwa, akaligusa kwa kidole, akauliza jirani yake atakaa wapi. Nikamweleza kwamba wataingia kwa zamu, nusu leo, nusu kesho, kwa sababu chumba kile kikipimwa mita moja kati ya mtu na mtu kinachukua 26 na wao wako 52. Akaniuliza kama yeye na rafiki yake watakuwa zamu moja. Sikuwa na jibu. Nimeandika majina yao pembeni ya ratiba nitazame.

Ombi langu kwa wenye dhamana ya elimu ni dogo. Kwenye fomu ya ukaguzi ongezeni mstari mmoja: chumba hiki kina madirisha mangapi, na mangapi yanafunguka. Mkaguzi ayasukume kwa mkono wake, asitosheke kuyatazama. Na wazazi, siku mtakayowaleta watoto, mkishaiona ndoo getini endeleeni hadi darasani. Mwulizeni mwalimu awafungulie dirisha. Hatutakasirika.

Hadi naandika barua hii fundi ameshafungua 40 mengine, na la kabati nalo limepatikana baada ya watu wanne kulisogeza. Shida kubwa iliyobaki ni chumba cha 14, ambacho zamani kilikuwa stoo na kikageuzwa darasa wanafunzi walipoongezeka. Hakina dirisha lolote, kina mlango tu. Nimeandika kwa bodi ya shule kuomba mtoto yeyote asiketishwe humo, mkondo ule usomee chini ya paa la ukumbi ulio wazi pande mbili. Kikao ni Alhamisi. Bibi ameniambia nimpe ufunguo wa chumba hicho akae nao mpaka jibu lipatikane, nami nimempa.

Mwalimu wa Baiolojia
(Jina na anwani yangu nimekupa, Mhariri, naomba visichapishwe.)