Jiko la nyama la mtungi lisiungwe kwenye bomba hivi hivi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzetu wa Dar es Salaam na Mtwara waliokwishafikishiwa bomba la gesi asilia nyumbani, na sasa wanataka kuchomea kuku na mishkaki uani kwa gesi hiyohiyo. Majiko mengi ya nyama yaliyoko madukani ni ya mtungi. Kuchomoa mpira kwenye mtungi na kuuchomeka bombani hakutoshi.

Gesi yetu ya bombani, itokayo visima vya Songo Songo na Mnazi Bay, karibu yote ni methani. Kwa ujazo uleule, gesi ya mtungi ina joto zaidi ya mara mbili. Tena jiko la mtungi hutengenezwa kwa msukumo wa milibari 28 hadi 37, la gesi asilia kama 20. Ndiyo maana nozeli (kijitundu kinachotolea gesi jikoni) iliyotosha kwenye mtungi huwa nyembamba mno bombani: moto unadumaa, nyama inatoa maji na kuchemka badala ya kubabuka, halafu lawama anabebeshwa aliyeleta gesi.

Tundu la milimita 1 huhitaji kufika kama 1.4 au 1.5. Hapo ndipo fundi wa mtaani anapochomoa kekee. Mkatalie. Tundu la kutoboa kwa mkono huenda mshazari, moto ukalamba upande mmoja. Tafuta nozeli na regulata (kidhibiti cha msukumo wa gesi) za gesi asilia za jiko hilohilo. Zisipopatikana, libaki na mtungi wake. Kinyume chake ni kibaya zaidi: jiko la gesi asilia likipewa mtungi hutoa ndimi ndefu za manjano na masizi tele.

Baada ya kuunga, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio, koki ya ukutani ikiwa wazi na vitufe vya jiko vimefungwa. Povu likivimba, panavuja. Tuliozoea mtungi tunanusa chini, lakini gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa na hupanda, kwa hiyo usiweke jiko chini ya kibanda kilichozibwa juu.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko. Moto usipowaka mara moja, funga gesi, ngoja dakika 5. Jiko lililokaa wiki kadhaa lichunguzwe mirija: buibui huipenda mno, na utando wao hurudisha moto nyuma, ukawakia kwenye vitufe. Pitisha brashi nyembamba.

Likishawaka, funika dakika 10 hadi 15 lipate moto. Kuku mzima akae upande usiowashwa, mpaka kipimajoto ndani ya paja kisome nyuzi 74 za Selsiasi. Mafuta yakishika moto, funga gesi, wala usimwage maji, yatayarusha.

Mkimaliza kula, fungeni koki ya ukutani, si vitufe pekee. Mtungi uliosahauliwa wazi huisha wenyewe usiku, bomba haliishi.

Msomaji wako,
Mikocheni, Dar es Salaam